Maiti Mchoyo na Mke Wake wa Matogoro

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mlioko Bombambili, mlioko Msamala, na ninyi mlioko vijijini mnapukuchua mahindi, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bibi Notburga Ngonyani, aliyezikwa Jumamosi iliyopita kule Matogoro. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Mwenyewe alikuwa akisema tu kwamba vita vya Maji Maji vilimkuta ana mume, na mtoto mgongoni.

Jina la Notburga alipewa kwenye ubatizo, miaka kadhaa baada ya vita. Lakini sisi tutamwita hivyo tangu mwanzo, tusije tukapotezana njiani.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jambo moja: mchezo wa Maiti Mchoyo. Mmeucheka kwenye sherehe za mavuno. Mmeucheka shuleni. Mchezo huo ni wa zamani, na haukuzaliwa Songea. Uliletwa na mtu kutoka upande wa Tunduru. Mtu huyo aliitwa Daimu, na ndiye aliyekuwa mume wa Notburga.

Daimu alikuwa Myao, mpagazi wa misafara ya biashara. Alifika Matogoro na mwenzake Iddi, Wajerumani wakiwa wamekwisha kujenga boma lao Songea. Akamwona Notburga anatwanga, na safari yake ikaishia hapo. Iddi naye akabaki. Alisema msafara bila Daimu ni mzigo tupu, hakuna tena wa kuwachekesha njiani.

Mavuno yalipokwisha na ugimbi, pombe yetu ya nafaka, ukaiva, wawili hao walicheza uani ule mchezo waliokuwa wakiucheza kambini. Mwanamume mchoyo amechinja jogoo. Mara anamwona rafiki yake anakuja. Anajilaza chini na kumwambia mkewe: sema nimekufa. Mke anaangua kilio. Lakini mgeni, badala ya kuondoka, anasema hawezi kumwacha rafiki yake bila kumzika. Maiti anamwagiwa maji ya baridi. Kaburi linachimbwa. Na huku nyuma mgeni anamtafuna yule jogoo taratibu, maana msibani watu hula. Kila mara mke anapoinama kulia, maiti anamnong'oneza: "Jogoo kaisha?" Mke anajibu: "Bado." Maiti anasema: "Basi na mimi bado nimekufa." Anavumilia maji, anavumilia kaburi. Ila akisikia mgeni anasifu paja, anafufuka.

Daimu alikuwa maiti. Iddi alikuwa mgeni. Mke alichezwa na mwanamume aliyejifunga kanga. Mwaka mmoja mwanamume huyo akahama, na Daimu akamwomba mkewe ashike nafasi hiyo. Mama mzazi wa Notburga alikataa katakata. Alisema mwanamke hamlilii mume aliye hai, anajiitia msiba. Lakini Notburga alikuwa msichana wa kupenda kucheka, na alimpenda mumewe. Akacheza. Alikuwa na kilio, wazee wanasema, ambacho hata mbwa wa majirani walikiitikia.

Kisha nyakati zikawa ngumu. Askari wa boma walipita kijiji kwa kijiji wakikamata wanaume wa kubeba mizigo na kutengeneza barabara. Daimu akaubadilisha mchezo. Mgeni sasa akawa askari. Iddi alivaa kibuyu kichwani mahali pa tarbushi. Mke analia kwamba mumewe amekufa, na askari anajibu kuwa mzigo wa Bwana Mkubwa haujui kufa. Anaamuru maiti afungwe mzigo mgongoni. Maiti anainuka na mzigo wake, macho kayafumba, anatembea kwenda bomani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wasikilizaji wapendwa, askari mmoja wa kweli aliuona mchezo huo. Alisimama nyuma ya watu, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake alirudi na wenzake. Daimu alilazwa kifudifudi mbele ya mkewe, akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Notburga alimwuguza kwa majani na maji ya chumvi. Mjukuu wake, Benigna, ametuambia hivi:

"Bibi alisema babu Daimu hakulia alipochapwa. Alilia baadaye, alipogundua kwamba hawezi kulala chali. Maiti anayelala kifudifudi hachekeshi mtu."

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo Daimu mwaka 1905, dawa ya maji ilipofika Ungoni. Alikuja mjumbe wa dawa hiyo, watu wakanyunyiziwa, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Wanaume wa Matogoro walikwenda vitani. Daimu hakuwa Mngoni, wala hakuna aliyemlazimisha. Alikwenda kwa sababu ya mgongo wake. Iddi akamfuata kama kawaida yake. Notburga alimshika mumewe mkono mlangoni, akamwuliza kama anayaamini hayo maji. Daimu alimjibu kwa maneno ambayo Bibi aliyarudia maisha yake yote:

"Maji siyajui. Lakini mimi nimeshazoea kufa, mke wangu. Kila mara narudi nyumbani kula."

Siku zilipita. Habari zilizokuja zilikuwa mbaya. Maji hayakuzuia risasi. Kisha asubuhi moja Iddi akatokea uani, peke yake, nguo zimechanika. Notburga alikuwa akipepeta mtama pamoja na mama yake na wanawake wa jirani. Iddi akasimama mbali kidogo, akasema Daimu amekufa.

Notburga akacheka.

Wasikilizaji wapendwa, msimhukumu. Yule aliyesimama mbele yake ni mgeni wa mchezo. Alimjua kwa nafasi hiyo tu, miaka yote. Akaweka ungo chini, akatazama nyuma ya Iddi, kwenye njia, kumtafuta mwingine aliyejificha. Akauliza huku anacheka: "Jogoo kaisha?"

Iddi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Hapo ndipo Notburga alipoelewa, na kicheko kikamkauka kinywani. Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kukisikia. Mama yake akamwambia mbele yao: "Nilikukataza. Ulimlilia angali hai, sasa unamcheka amekufa."

Maneno hayo yalimwingia. Tangu siku hiyo Notburga hakutoa chozi. Kila akitaka kulia, kilio kilichokuja ni kile cha mchezo, naye alikionea aibu. Mwili wa Daimu haukurudi. Iddi alisema aliuacha vichakani walipokuwa wanakimbia. Hapakuwa na kaburi, wala matanga.

Na hapakuwa na muda. Wajerumani walichoma maghala, wakachoma mashamba. Viongozi wa Wangoni wakanyongwa hapa Songea. Ikaja njaa. Watu walichimba mizizi porini, wakachemsha hata ngozi. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni, binti aliyeitwa Biasha, alikufa katika njaa hiyo. Narudia, wasikilizaji: mume katika vita, mtoto katika njaa. Notburga alimzika Biasha yeye na mama yake tu, bila kilio, kwa sababu hata nguvu za kulia hazikuwapo. Nyumba nyingi zilizika hivyo.

Mavuno ya kwanza ya maana yalikuja mwaka 1908. Ugimbi ukapikwa, kidogo. Watu wakakaa uani wakitazamana, hakuna anayejua la kusema. Na aliyeomba Maiti Mchoyo uchezwe hakuwa kijana mpenda mzaha. Alikuwa yule mama mzazi wa Notburga. Alimfuata binti yake jikoni, akamwambia: "Mwanangu, watu hawa hawajalia. Kacheze. Walie hata kwa uongo."

Notburga akaenda kumwita Iddi. Iddi alikataa, akasema hawezi kusimama juu ya mtu mwingine aliyelala. Wakabishana, mwisho akakubali. Jirani mmoja akajilaza chini mahali pa Daimu. Jogoo hakuwapo, kijiji kizima hakikuwa na kuku. Waliweka kikapu kitupu.

Notburga akaanza kilio cha mchezo. Kilianza kama zamani. Kisha sauti yake ikakatika, na iliporudi haikuwa ya mchezo tena. Alimtaja Biasha. Mwanamke mmoja kati ya watazamaji akamtaja mwanawe. Mzee mmoja akamtaja ndugu yake aliyenyongwa. Majina yakatoka kila upande wa ua, moja juu ya jingine. Yule jirani aliyelala alijifunika uso, akalia humo ndani. Iddi alisimama tu, machozi yanamtiririka. Walipochoka wote, akapangusa uso, akakitazama kikapu kitupu, akasema polepole maneno ya mgeni, kwamba marehemu aliacha kuku mnono kweli. Watu wakacheka, kamasi zikiwatoka.

Tangu siku ile mchezo wa Matogoro una kilio hicho katikati, na watu hutaja majina ya wafu wao. Kwingine huchezwa bila hicho kilio. Shuleni walimu walikifupisha, wakisema kinawatisha watoto. Notburga hakugombana nao. Aliolewa tena, akazaa, akafundisha wanawake wengine nafasi ya mke mpaka miguu ilipomkataa.

Lakini kuna jambo moja familia haikulielewa. Kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kulitaja jina la Daimu katika kilio. Mwanawe, Mzee Romanus, aliwahi kumwuliza sababu. Anasema mama alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa:

"Biasha nilimlilia kwa sababu alikufa. Baba yake nilimlilia angali hai, akinisikia. Sina kingine cha kumpa."

Tunatoa pole kwa Mzee Romanus, kwa Benigna, kwa ukoo mzima wa Ngonyani na kwa majirani wa Matogoro. Mungu awape nguvu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini jambo hili usiku wa leo. Nchi yetu hii ina watu wengi waliokufa bila kuliliwa. Kama nyumbani kwako yupo mmoja, mtaje kwa jina lake, watoto wasikie.

Bibi Notburga apumzike kwa amani. Binti yake Biasha apumzike. Na Daimu, mtu wa Tunduru, ambaye kaburi lake hatulijui, naye apumzike.