Spana Iliyokuwa Kabatini Kwetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ofisa Elimu wetu. Mzee Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi pamoja na wajumbe wako. Mwalimu Mkuu, ambaye leo ni siku yako. Walimu na wafanyakazi wote wa shule, kuanzia ofisini hadi jikoni. Wazazi na walezi. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wanafunzi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Mwalimu Mkuu anayestaafu. Niliandika hotuba ya kwanza, mwalimu wa nidhamu akaisoma, akanirudishia. Akasema, "Binti, umemsifu kama mtu anayesifu maji ya kunywa. Safi, baridi, basi. Sema alichofanya." Kwa hiyo leo nitasema alichofanya. Wengi wenu mlikuwepo, na baadhi yenu yatawagusa, naomba mniwie radhi mapema.

Mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, siku ya Jumamosi, ndege ndogo iliyombeba Mheshimiwa Waziri ilianguka dakika sita baada ya kuruka. Walikufa watu wanne: Waziri, rubani, mlinzi na katibu wake. Wiki mbili kabla ya hapo, Waziri alikuwa ametangaza kwamba angegombea uongozi wa juu wa chama chake. Je, ni nani kati yetu ambaye siku ile hakujiuliza swali? Mimi nilijiuliza. Bibi yangu alijiuliza kwa sauti, mbele ya wageni. Serikali ikakaa kimya siku kumi na moja, na mtu akinyimwa habari, hujipikia mwenyewe.

Mimi ni binti wa fundi wa ndege. Baba yangu ndiye aliyeikagua ndege ile Ijumaa, na sahihi yake ndiyo ya mwisho kwenye kitabu cha ukaguzi cha ndege hiyo.

Kwa wasioijua kazi hiyo, nieleze kidogo. Katika karakana ya ndege, vifaa havitupwi ndani ya sanduku kama tunavyofanya nyumbani. Kuna ubao mkubwa mweupe ukutani, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, mahali kinapotundikwa. Mafundi huliita umbo hilo kivuli. Kazi ikiisha, fundi hatazami vifaa, hutazama wekundu. Akiona wekundu wowote, ndege haitoki, kwa maana kuna kifaa kimesahaulika mahali, na huenda mahali penyewe ni ndani ya injini.

Siku ya tatu baada ya ajali, mtu alipiga picha ubao wa karakana yao na kuisambaza. Vifaa vyote vilikuwa mahali pake isipokuwa kimoja. Katikati ya ubao palionekana kivuli chekundu cha spana ndefu, kitupu. Chini ya picha paliandikwa maneno matatu: "Spana iko wapi?"

Mnayakumbuka maneno hayo. Yalikuwa kwenye simu, redioni, kwenye kuta za kituo cha basi, na kinyozi wa hapo jirani aliyaandika juu ya kioo chake. Hapa shuleni nilipata jina jipya siku hiyo hiyo. Nilikuwa Spana. Nikinyanyuka mezani kwenye bwalo, mtu angesema, "Jamani, hesabuni vijiko kabla Spana hajatoka!" na meza nzima ingecheka. Siwasemi kwa uchungu. Aliyekuwa anahesabu vijiko kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyenishonea sketi hii niliyovaa leo, na tunaombeana mema. Lakini wakati ule nilikuwa nakula haraka ili niwe wa kwanza kutoka.

Sasa, spana ilikuwa wapi? Ilikuwa hapa. Ilikuwa katika kabati la maabara yetu ya Fizikia, rafu ya pili, kando ya mizani.

Ile ni spana inayopima nguvu ya kukaza nati. Kila mwaka hupelekwa kupimwa, na mwaka ule ilishindwa. Spana iliyoshindwa haiguswi tena kwenye ndege. Baba akamwomba mkuu wake wa karakana aitoe kwa shule yetu, tujifunzie, na Alhamisi, siku mbili kabla ya ajali, aliileta mwenyewe. Mwalimu Mkuu akaipokea, akaandika namba yake kwenye daftari la mapokezi, wakatia sahihi wote wawili.

Lakini sheria yao inasema kifaa kikiondoka moja kwa moja, kivuli chake kipakwe rangi nyeupe siku hiyo hiyo, ili wekundu usimdanganye mtu. Baba alifungua kopo la rangi akakuta imekauka. Akasema moyoni, "Jumatatu." Wenzake wote walijua kivuli kile ni cha spana iliyostaafu, kwa hiyo hakuna aliyehangaika. Jumatatu haikuja kama alivyoitarajia. Baba hajawahi kulificha hilo. Nilipomwuliza alikosea nini, alinijibu kwa neno moja tu: "Rangi." Kisha akaongeza, "Mwanangu, nilifundisha vijana ishirini kwamba kivuli hakingoji kesho."

Aliwaambia wapelelezi yote hayo, lakini alikatazwa kuongea hadharani mpaka uchunguzi uishe. Mwalimu Mkuu naye aliandika barua mbili kwa wapelelezi kueleza spana iko kwake. Hazikujibiwa, naye hakutaka kuwatangulia kwa kulitangaza.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Mkuu alifuta kipindi cha kwanza, akatuketisha wote humu ukumbini. Alichora safu tatu ubaoni: Nimeona, Nimesikia, Ninadhani. Akasema kila mtu mwenye jambo kuhusu ajali aje aliandike panapostahili. Safu ya pili ilijaa mpaka chini. Ya tatu ikajaa. Ya kwanza ikabaki tupu, hadi msichana mmoja wa kidato cha pili alipoinua mkono.

"Mwalimu, mimi nimeona."

"Umeona nini, mama?"

"Nimeona ndege ikitoka moshi. Kwenye simu ya kaka."

"Umeona ndege, au umeona simu?"

Akafikiri sana, maskini. "Simu, Mwalimu."

"Basi njoo uandike. Nimeona simu."

Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Lakini Mwalimu Mkuu hakucheka. Alituambia kwamba kushuku si dhambi, kwamba kiongozi akifa namna ile wananchi wana haki ya kuuliza, na tena waulize kwa nguvu. Kisha akasema, "Ila anayeuliza lazima abakize nafasi ya jibu. Ukishajijibu, hujauliza tena, umehukumu." Hakunitazama hata mara moja, na nilimshukuru kwa hilo.

Ndugu wageni waalikwa, ilikuwa rahisi kusema hayo mbele ya watoto. Kazi ilikuwa mbele ya watu wazima. Kamati ya Wazazi iliandika barua yenye madai mawili: mimi nihamishwe shule, na baba yangu asikanyage tena eneo la shule. Dai la kwanza Mwalimu Mkuu alilikataa, akaandika kwamba mwanafunzi hafukuzwi kwa kazi ya mzazi wake. La pili aliliacha lisimame, kwa kuwa kamati ina haki ya kuamua nani apite getini, naye hupenda kuheshimu haki hata ikimuuma.

Na habari za spana zilipovuja katika kikao, mjumbe mmoja alimvuta pembeni. Nilikuwa nafagia varanda, nikasikia.

"Mwalimu, kitupe hicho kitu chooni. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, ya nini kujichomea?"

"Nikikitupa, nitakuwa nimepoteza spana kweli, kama mwenzangu anavyosingiziwa."

"Watasema na wewe umo."

"Waseme. Daftari langu la mapokezi lina kurasa mia mbili, waje wasome zote."

Tume iliyoundwa kuchunguza ajali ilipoanza kusikiliza ushahidi hadharani, miezi miwili baadaye, alipanda basi akaenda. Mimi nilimbebea daftari. Spana aliibeba mwenyewe mapajani, ameivingirisha kwenye koti jeupe la maabara kama mtoto mchanga, na mama mmoja ndani ya basi akamwuliza ni wa kike au wa kiume.

Tulisubiri kwa muda wa saa nne kwenye benchi. Alipoitwa, aliifungua mezani, akasoma namba iliyochongwa kwenye mpini, kisha akasoma namba ya kwenye daftari. Zililingana. Wakili wa Tume akamwuliza atahakikishaje kwamba kweli ilikuwa mbovu.

"Mimi ni mwalimu wa Fizikia," akasema. "Nimeipima. Inadanganya kwa sehemu moja ya kumi, na hudanganya upande ule ule kila mara. Kwa kifaa, huo ni uongo mwaminifu."

Watu wakacheka. Wakili akauliza, "Kwa hiyo umekuja kumtetea fundi?"

"Hapana. Nimekuja kusema spana iko wapi, maana nchi nzima inauliza. Ya fundi mwulizeni fundi."

Nilitamani sana aseme zaidi. Nilitamani aseme baba yangu ni mtu mwema, anayechemsha chai asubuhi kabla mama hajaamka. Kwenye basi la kurudi nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Kwa sababu hilo wewe umeliona. Mimi sijaliona." Nilikasirika kwa mwendo wa vituo vitatu. Leo naelewa kwamba angeongeza hata chumvi kidogo, wasingeamini hata ile spana.

Kesho yake Tume ilitangaza kwamba suala la spana limefungwa. Tangazo hilo halikupigiwa kelele kama lile swali. Pale kwa kinyozi maneno yalikaa juu ya kioo wiki tano zaidi, mpaka alipopaka rangi duka lake.

Naomba nisieleweke vibaya. Sijui ndege ile ilianguka kwa nini. Baba naye hajui. Ripoti kamili bado haijatoka, na leseni yake inashikiliwa mpaka itoke. Huenda ilikuwa hitilafu, huenda kuna mtu alifanya ubaya, na kama yupo, namwombea apatikane. Wanaoendelea kuuliza wana haki, na mimi ni mmoja wao. Kwa sasa baba anatengeneza cherehani na pampu za maji barazani kwetu. Amechora vivuli vya vifaa vyake kwenye kipande cha boksi. Mwezi uliopita alichora na cha mwiko wa jikoni, mama akamwambia, "Baba wewe, ugali wangu haurushwi angani!" Ndivyo tulivyo, tunacheka.

Mwalimu Mkuu, tulikuuliza unataka zawadi gani, ukasema usinunuliwe kitu. Tumekutii kwa shida. Umefundisha hapa miaka tisa, umetuadhibu kwa haki, umekosea majina yetu mara nyingi na kuomba radhi kila mara. Uendako upumzike, na wajukuu wasikuchoshe.

Namalizia kwako, Mzee Mwenyekiti. Katibu wa Waziri aliyekufa ndani ya ndege ile alikuwa mdogo wako, wa tumbo moja. Mlilala chumba kimoja mkiwa wadogo, na watu wanasema alikuwa na kicheko kama chako. Wewe ndiye uliyetia sahihi ile barua, na mimi nilikuchukia kwa muda mrefu bila kujiuliza ulikuwa umetoka kuzika nani. Sijawahi kukupa pole. Nilipokuona njiani nilikuwa navuka barabara. Leo nakuambia mbele ya watu wote: pole sana, baba. Mungu amrehemu mdogo wako.

Siku ya mazishi, baba yangu alikuja mpaka kwenye kona ya mtaa wenu. Vijana wakamwambia arudi, akarudi. Toka siku ile anasema kuna neno moja anadaiwa, na si la kujitetea. Leo nilimwomba aje kumuaga Mwalimu Mkuu, akanikumbusha kwamba barua yenu haijafutwa, na yeye havunji masharti. Kwa hiyo yuko ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kituo cha basi. Amekaa hapo tangu saa mbili asubuhi. Hakunituma niyaseme haya, na akijua atanigombeza.

Hajaja kusafishwa jina. Hilo atalisubiri pamoja na ripoti. Amekuja kukupa mkono wa pole, na hawezi kuvuka geti mpaka wewe useme. Ukisema hapana, nitakuelewa, na nitakusalimu njiani, bila kuvuka barabara.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi neno la mwisho. Mzee Mwenyekiti, mimi narudi kuketi.