Marehemu Sumaili na Mlima wa Bwana Mkuu

Shauri namba 41, Kukana Mlima Uliokwisha Kuandikwa Kwenye Ramani: hilo ndilo jina ambalo ofisi ya kituo cha Kindu imeyapa maisha ya kaka yangu, nasi wa nyumbani tunaomba radhi kuyasoma kwa urefu zaidi kidogo.

Sumaili bin Kasimu alizaliwa Nyangwe mwezi wa Shaabani 1285 wa Hijra, akasoma Kurani Kasongo mpaka akahitimu, akamwoa Mwanahamisi binti Bakari mwaka 1307, Mungu akawajalia Zuberi na Hadidja.

Januari 1897, kwa hesabu ya ofisi, aliandikwa kazi ya kusafisha picha za Bwana Mkuu wa kituo, mtu aliyependa majabali ya Kabambare kuliko watu wanaokaa chini yake, na katika kibanda cha giza, kwa taa nyekundu na dawa za kuchoma vidole, marehemu alijifunza kuitoa picha nyeusi na nyeupe hata ufa wa jiwe ukahesabika, akiwa na sharti moja tu, kwamba vioo vya picha vioshwe alfajiri, maji ya Lualaba yakiwa baridi, kwa kuwa joto hulegeza utando wa dawa juu ya kioo ukajikunja.

Tarehe 3 Oktoba 1898 Bwana Mkuu, akitaka picha ziwahi barua za Ulaya, aliamuru vioo vioshwe saa saba mchana, utando ukajikunja, na katika picha, nyuma ya majabali, vikatokea vilele vitatu, ambavyo yeye aliyesimama pale na kupiga picha hakuwa ameviona, lakini alivipa jina lake na kuvitia kwenye ramani.

Marehemu alimwambia, "Bwana, hii hapana mulima, njo dawa imejikunja," akajibiwa kwamba mlima una muhuri, yeye hana. Nyumbani Mwanahamisi alimwambia, "Baba Zuberi, waachie mulima wao, kwani watakutuma uupande?" lakini kaka alikataa kutia sahihi kwamba amesema uongo, basi akaamriwa awatangulie wapimaji wa ramani mpaka mlimani, akaione aibu yake kwa macho. Walitembea siku thelathini na nane katika mvua, wakakuta uwanda wa nyasi, na wapimaji wakaandika kwamba siku hiyo kulikuwa na ukungu.

Alirudi amebebwa, kifua kimembana, akafariki Jumatatu, 6 Machi 1899.

Tunamshukuru daktari wa kituo kwa vidonge vinne, chupa tumeirudisha kama alivyoagiza, tunawashukuru majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa kazini waliokuja bila ruhusa. Kaka Sumaili, Mungu akulaze mahali pema.

Daftari la kituo limeandika homa. Ndugu yetu amekufa kwa kutembezwa kutafuta mlima usiokuwapo.