Wimbo Ulioitikiwa Kutoka Chini ya Shamba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu, viongozi wa kata na vijiji, wazee wetu, shikamooni, wachungaji, na ndugu zetu mliovuka mpaka kuja kuona kama habari mliyosikia ni ya kweli:

KARIBU MLIMANI

Sisi wanakikundi wa Risaga ya Mlima Nyabirongo tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua gari lako limekwama kule chini na umepanda kwa miguu. Wageni wengi huishia pale pale, wakatuma mtu atuite tushuke. Wewe umepanda. Tena umepokea kibuyu chetu cha uji wa ulezi, ukanywa, ukaomba kuongezwa. Mungu akubariki kwa hilo, maana tutalirudia.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, risaga hatukuibuni sisi. Ni desturi ya wazee wetu ya kulimiana: leo wote kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba hutoa cha kunywa. Rashi ya dhahabu, yaani mbio za kuikimbilia, ilipoingia, waume na vijana wetu walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na risaga ikafa. Nyumba zisizo na mtu wa kulima zikaanza kulala njaa. Mwenyekiti wetu, Mama Felista Mokami, ndiye aliyepita mlango kwa mlango, jembe begani, akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Aliomba kijijini, tukapewa shamba moja hapa mteremkoni. Tunalilima wote kwa ulezi, na mavuno huenda kwa wajane, wagonjwa na bibi waliobaki na wajukuu. Kanuni yetu haijaandikwa popote, ila hata mtoto anaijua: anayekunywa uji wa risaga hashuki mlimani kabla ya kushika jembe.

MAFANIKIO

Tungeweza kukueleza nyumba tulizoziezeka na wagonjwa tuliowabeba kwa machela mpaka hospitalini Nyamwaga. Lakini lipo jambo moja ambalo tukilinyamazia, mawe haya yatasema yenyewe.

Kabla ya mavuno alikuja kijana Vincent Heche, mtu wa Ringwani, na wenzake, wakaanza kuchimba duara pembeni mwa shamba letu. Tulimkataza. Akatujibu, "Mama zangu, ulezi mtakula mwaka mmoja, dhahabu mtakula maisha." Akaendelea kuchimba. Asubuhi moja ardhi ikanguruma, duara likafunga mdomo, na yeye yumo ndani. Wenzake wakapiga yowe. Sisi tulikuwa njiani na majembe kwenda kumlimia jirani, tukageuza njia.

Tulianza kufukua pale kwenye mdomo wa duara. Kila tulipotoa kifusi, kingine kiliporomoka. Sasa, Mheshimiwa, watu wa risaga hatuwezi kulima bila kuimba, mikono haiendi. Mama Mokami akaanzisha wimbo wetu, ule ambao mmoja anaita na wote wanaitikia. Vumbi lilikuwa limetukaba, hakuna kati yetu aliyeitikia. Lakini wimbo ukaitikiwa, na sauti ilitoka ardhini. Wala haikutoka pale tulipokuwa tunachimba, ilitoka chini ya ulezi wetu.

Tuliogopa. Tunasema kweli, wengine tulitupa majembe. Mama Mokami akaita tena, na sauti ikaitikia tena, nyembamba, kutoka mle mle shambani. Kumbe kijana alikuwa amekimbilia njia waliyoichimba ubavuni, ikapita chini ya shamba, na upande ule wa mteremko udongo ni mwembamba. Ulezi ulikuwa umeshainamisha vichwa, unangoja kisu tu. Tukatazamana. Aliyeingia wa kwanza kuung'oa ni Robi Nyamhanga, mmoja wa wajane ambao mavuno yale yalikuwa yao na watoto wao. Mumewe alifukiwa na duara mwaka juzi, na hajapatikana mpaka leo. Robi alisema tu, "Wangu hakuitika. Huyu ameitika."

Basi tukaulima mlima kwa zamu, huku tukiimba, na yeye akituitikia. Jua lilipoinama, mkono ukatokea. Mama Mokami akamwambia, "Mura, kijana wangu, shika kamba!" Alipotoka akakaa chini, amejaa udongo mpaka kope, akauliza, "Mama, mlijua ni mimi?"

"Risaga haiulizi shamba ni la nani," akajibiwa. "Kunywa uji."

Tumelima tangu utoto, Mheshimiwa, na hatujawahi kuvuna kitu kama kile. Mpaka leo tukipita pale tunashusha sauti, kama watu wanaoingia kanisani.

CHANGAMOTO

Ulezi wa zile nyumba za wajane na wagonjwa tuliung'oa kwa mikono yetu, hivyo kwa njaa ya mwaka huu hatumlaumu mtu. Kinachotunyima usingizi ni kingine. Katika shimo tulilofukua umeonekana mwamba wenye dhahabu. Wachimbaji wamemiminika, na tunasikia ombi la kuligeuza shamba lote kuwa machimbo liko mezani kwako, na kwamba jibu utalitoa leo, hapa. Dhahabu hatuidharau, wapo kati yetu walioezeka bati kwa pesa ya dhahabu. Ila duara halijawahi kumlisha mjane wa duara. Shamba hili linamlisha.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi ya barabara na ya zahanati. Tumeyaacha, yatangoja. Tunaomba moja tu: shamba libaki shamba. Vincent na wenzake wamekubali kulifukia shimo kwa mikono yao. Vincent ndiye huyo aliyekubebea kiti, amesimama nyuma yako.

Utepe wa kukata hatukuandaa. Tumeandaa jembe, lipo hapo kando ya mguu wako, na tumelitia mpini mpya. Mheshimiwa, sisi ni watu wadogo, hatuwezi kukulazimisha. Tunakukumbusha tu kwamba uji umekunywa, tena mara mbili.

Mungu aliyeisikia sauti chini ya udongo akubariki wewe na nyumba yako, akushushe mlima salama, na asikuache ulale njaa wala umlaze mtu njaa.

Mama Mokami sasa atasimama aite wimbo. Sisi wote tumekubaliana kunyamaza, tusikie nani ataitikia.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Risaga ya Mlima Nyabirongo
Msomaji: Dorah Akello, Katibu