Kamba ya Kuanikia Nguo na Ramani ya Reli

Ndugu zangu, wengine hapa huanza ushuhuda wao kwa kushukuru. Mimi nitashukuru nikishamaliza, kwa maana nina uchungu, na Mungu anaujua, sasa nimfiche nini.

Nilipofika Kampala kutoka Kongo nilipanga chumba hapa Namuwongo, kando ya reli. Binti yangu alikufa kwa homa akiwa bado anajifunza kutembea. Wenyeji huzika kwenye ardhi ya ukoo. Sisi ukoo wetu tuliuacha ng'ambo. Mwenye nyumba aliniruhusu nimzike nyuma ya vyumba, chini ya mfenesi, na juu ya kaburi nikafudikiza bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu, kama nilivyomwona mama yangu akifanya kwetu.

Kisha yakaja matingatinga. Waliokuja nayo walisema nyumba zimesogelea reli mno. Nilikimbia na godoro na sufuria. Niliporudi miezi baadaye, pale palikuwa na ukuta wa ghala. Mfenesi haupo, choo hakipo, kibanda cha chapati hakipo. Alama zangu zote zilikuwa zimeondoka, na moramu nyekundu, ule udongo wa kutengenezea barabara, imemwagwa kila mahali. Nilisimama pale sijui nilie nikitazama wapi.

Nawaambia ukweli, wengine wenu mlinijia mkasema mtoto hayuko kule, yuko mbinguni. Sawa. Lakini mimi niliubeba mwili wake mgongoni, nao niliuweka mahali. Iliniuma sana kuambiwa hivyo na watu waliozika wazazi wao penye msalaba na jina. Nikaanza kunywa waragi. Mlioniokota kwenye mtaro mnajua, wala sina haja ya kuwapamba.

Pale pa waragi alikuwa anakuja mzee mmoja, askari mstaafu, mtu wa kaskazini. Tulimwita Afande. Alikuwa na ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, na nakala ya ramani ya zamani ya wazungu wa reli. Alitafuta sarafu za kale, zile zenye tundu katikati, awauzie wanaozikusanya. Siku moja aliikunjua ramani mezani.

"Hapa ilikuwa kambi ya vibarua ya reli," akasema. "Hapa soko. Watu wakikuwa wengi, hela inaanguka. Leo huoni kitu, lakini ramani inaona."

"Na wewe unajuaje ni hapo hapo?"

"Unaanza na kitu ambayo haihami, Mama. Reli haijahama. Kilima ya Old Kampala haijahama. Unapima kutoka hapo."

Ndugu zangu, nilisukuma glasi pembeni. Nilimuuliza kama ramani yake inaonyesha kalavati, lile bomba kubwa linalopitisha maji chini ya reli. Lilikuwemo. Kamba yangu ya kuanikia nguo nilikuwa nimeifunga kwenye nondo iliyochomoza mdomoni mwa kalavati, ikafika kwenye mfenesi. Kalavati lilikuwa limefukiwa, lakini kamba nilikuwa nayo. Ndiyo niliyofungia godoro siku ya kukimbia.

Nilipomweleza, alikunja ramani.

"Mimi natafuta hela. Kaburi hapana."

Nilimsumbua hadi akachoka. Asubuhi moja tulipima kutoka reli, tukachimba kidogo, tukaipata ile nondo. Nikafunga kamba, nikaivuta kuelekea ghala. Iliishia hatua chache kabla ya ukuta. Afande akapitisha mashine, ikalia. Moramu upande ule haikuwa nene. Alifukua kwa mkono, polepole, na nikauona ukingo wa buluu.

"Mama," akasema, "hapa mimi nimemaliza." Akavua kofia.

Niliomba ruhusa ya kumhamisha mwanangu. Msimamizi wa ghala aliniambia kama kuna kaburi nilete karatasi. Karatasi ya nani? Nilirudisha bakuli, nikalifunika. Malori yanageuzia pale hadi leo. Nasikia watu wakisema muda huponya. Mimi bado nawachukia wale waliopitisha tingatinga bila kuuliza, na naomba msiniombee niache, bado siko tayari.

Ila waragi sijaonja tena. Si kwamba nilipata amani. Sikutaka tu kwenda kumsalimia nikinuka.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru dada aliyenilaza kwake nikiwa mlevi na hakunisema kwa mtu. Namshukuru Afande, ambaye siku ile hakupata hata sarafu moja.

Na nyinyi mnaozika kwenye ardhi ya wengine, msiweke alama kwa mti wala nyumba ya jirani. Katika mji huu vyote hivyo huondolewa, na sisi pamoja navyo. Pimeni kutoka reli.

Kuna wamama hapa ambao watoto wao walibaki kule bondeni kando ya reli, nawajua kwa namna mnavyotazama chini. Afande yuko nje na ramani yake, amekataa kuingia. Tukimaliza maombi, njooni. Kamba ninayo.