Leonce Kapinga Alisema Mwanga Hautoshi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Leonce Kapinga anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha video hapa Songea.

Alianza na kamera ya kanda, ile ya kubeba begani. Zilipokuja kamera za dijitali, zile DSLR, alijifunza mwenyewe, kisha akatufundisha sote: tafuta mwanga kwanza, ISO, ile namba ya kuifanya kamera ione gizani, ipandishe mwisho, maana ukiizidisha picha inajaa chenga. Fokasi aliizungusha kwa mkono mpaka kope za mtu zihesabike. Kule Namtumbo alimrudisha mkulima wa tumbaku mlangoni mara saba, hadi mkulima akauliza kama anapigwa picha au anapimwa suti.

Ya kucheka yanaishia hapo.

Miaka mitatu iliyopita tulikwenda Msamala kumrekodi Mama Walburga, mkunga wa siku nyingi, akiwa mgonjwa. Leonce alimketisha dirishani. Mkuu wetu wa wakati huo akataka ahamie ukutani, kwenye giza, ili bango letu lionekane nyuma yake.

“Bosi, pale mwanga hautoshi,” Leonce alisema. “Picha itajaa chenga.”

“Pandisha ISO, weka fokasi ya otomatiki, tumalize.”

“Itakamata bango, itamwacha mama.”

“Wewe piga!”

Bango lilitoka safi, kila herufi. Mama Walburga akatoka kama ukungu. Wiki mbili baadaye alifariki. Binti yake, Rosemary, alipokuja kuomba ile video, hapakuwa na cha kumwonyesha. Kikaoni mkuu alisema macho ya mzee yamechoka, na Leonce akahamishiwa stoo kugawa betri.

Mimi ndiye niliyerekodi sauti siku ile. Ilitoka safi, na onyo la Leonce limo. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Hata Rosemary sikumpa sauti ya mama yake, nikiogopa atasikia na yale mengine.

Juzi nilimfuata Leonce kwake Ruhuwiko.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi.”

“Marahaba, Noela. Ulikuwa na hedifoni masikioni. Ulinisikia kuliko wote.”

Rekodi ile sasa iko kwa uongozi, na nakala anayo Rosemary. Aliisikiliza mbele yangu, akalia, kisha akaniomba niondoke.

Mzee Leonce, kitengo kinakushukuru na kukuombea afya njema na miaka mingi ya utulivu. Mimi nakushukuru pia kwa kunikaribisha chai, ingawa hukusema umenisamehe.

Noela Mbano, kitengo cha video