Ameni Aliletwa Duniani Kufanya Nini

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi pale La Cuesta, kwenye milima ya kahawa ya Honduras, linatosha watu wanne. Asubuhi ile walikaa watatu, na hakuna aliyesogea kuijaza nafasi ya ukutani. Doña Hortensia, muuza kahawa, alipita na birika lake, akamimina vikombe vitatu, akasita na cha nne mkononi, kisha akakirudisha kapuni. Toribio Melgar alikuwa amefariki. Walimwita Ameni, maana umwambie mvua inakuja au bei ya kahawa imeshuka, jibu lake lilikuwa hilohilo. Jumamosi alianguka ghalani akiwa na gunia begani, na hakuinuka tena. Maziko yalikuwa mchana huohuo, na mchungaji alikuwa amempa Anselmo kazi ya kusimama kanisani, kwa niaba ya kijiwe, aeleze Mungu alimleta Toribio duniani kwa kusudi gani.

Anselmo, ambaye kijiwe kilimwita Diwani tangu aliposhindwa uchaguzi, alikuwa amevaa shati safi. Neno la kusema hakuwa nalo.

— We sema alikuwa mtu wa watu, alisema Bondia, aliyepigana ulingoni mara moja tu katika ujana wake, akapigwa. Maiti hakosoi.

— Mchungaji hataki hayo. Anataka kusudi. Si mlimsikia mwezi mzima huu? Kila mtu ana wito wake, autafute mpaka aupate.

— Na asiyeupata?

— Ndiye yule aliyeifukia talanta yake ardhini, alidakia Evaristo, waliyemwita Nabii kwa ajili ya ndoto zake. Bwana wake aliporudi, mnajua alifanywaje.

— Acha hizo, Nabii. Mtu hajazikwa bado.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Si anakwenda chini? Huenda talanta yake ataikuta hukohuko.

Hakuna aliyecheka. Anselmo aliukumbuka ule usiku wa ibada, mchungaji alipopita katikati ya viti na kipaza sauti mkononi. Mama mmoja alisema yeye kaumbwa kuimba, kijana fulani akasema kuponya wagonjwa. Kisha kipaza sauti kikafika kwa Toribio. Ndugu, Mungu alikuumba kwa ajili ya nini? Naye akajibu, ameni. Kanisa zima liliangua kicheko. Toribio mwenyewe alicheka kidogo, halafu akainama akavitazama viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

— Mi' nasema hivi, alisema Bondia. Kusudi lake lilikuwa kubeba. Kuna watu wameumbwa kubeba magunia, kama Simoni alivyobeba msalaba.

— Simoni alishikwa njiani akalazimishwa, alisema Anselmo. Kwani nani alimwuliza kama anataka?

— Basi na huyu labda alilazimishwa. Ndiyo maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulisikia alivyoanguka?

— Bondia, ukinywa kahawa, nyamaza.

Nabii aliweka kikombe chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyefikia jambo zito.

— Sikilizeni. Maandiko yanasema wengine walikaribisha malaika pasipo kujua. Huyu hakuwa na mke, hakuwa na deni, hakugombana na mtu. Alikuwa anakaa hapa anatusikiliza tu. Mnadhani alikuwa anamsikilizia nani?

— Malaika gani anamaliza tamale tatu za unga wa mahindi? aliuliza Anselmo.

— Hata kwa Ibrahimu walikula. Nawaambieni, alitumwa kutupima. Kila uongo mliosema kwenye benchi hili umeshafika juu.

— Basi tumekwisha, alisema Bondia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kweli.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele yao, shali nyeusi kichwani, begi la nguo mkononi, matope ya stendi bado yako viatuni. Alikuwa na paji la uso la Toribio. Wote watatu waliinuka.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi ni Leocadia, dada yake marehemu. Nilichukuliwa na shangazi kwenda San Pedro yeye akiwa bado ananyonya. Tulikuwa tunaongea kwenye simu, lakini si mnamjua, haongei. Alikuwa ananiambia ana ndugu zake wa kijiweni, kila siku wako pamoja.

— Pole sana, dada, alisema Anselmo. Kaa.

— Sikai, nawahi kanisani. Nataka nimwekee kitu kwenye jeneza, kitu cha kumfurahisha. Alikuwa anapenda nini?

Bondia aliwahi kujibu.

— Kahawa.

— Hapana, alisema Doña Hortensia kutoka nyuma ya kapu lake. Alikuwa anaacha nusu kikombe kila siku. Nilikuwa nammiminia kwa sababu nawamiminia ninyi.

— Mpira, basi.

— Timu gani? aliuliza Leocadia.

Bondia alimtazama Nabii. Nabii alitazama barabara. Timu yoyote iliyosifiwa pale, Toribio aliitikia.

— Nyimbo je? Alikuwa na wimbo?

Anselmo alitafuta. Miaka yote ile bega kwa bega, na alichoweza kukipata ni joto la mkono wa mtu kando yake, na neno moja. Leocadia alingoja, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetarajia kupewa mkate. Kisha akaliinua begi lake.

— Haya. Nitanunua maua tu.

Doña Hortensia aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Nabii. Kilitoka kijito chembamba, kikakatika. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, nao wakaondoka bila kumaliza walichokuwa wakibishania. Nabii alitangulia. Nyuma yake Anselmo na Bondia walipanda kilima polepole.

— Goyo, alisema Anselmo, akimwita Bondia kwa jina lake la nyumbani. Mimi napenda nini?

Walifika langoni Bondia akiwa bado anafikiri, na mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, akimpungia Anselmo mkono apite mbele.