Jumamosi ya Kwanza ya Mwezi

Jonah Kisilu alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 hapa Kanyangi, Kitui, mtoto wa pili wa Mama Mbula na marehemu Mzee Ndululu. Ninayewasomea ni mimi, Syombua, dada yake mdogo.

Alianza shule hapa mwaka 1956. Alimaliza chuo kikuu Nairobi mwaka 1973, akafundisha jiografia Malili. Mwaka 1975 alifunga ndoa na Syokau, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984 alianza masomo ya shahada ya uzamivu kuhusu visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mito, chini ya msimamizi wake, Profesa Thuo. Sisi tulilelewa kwamba kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Basi, kwa kuwa sura ya kwanza ya tasnifu yake haikuwa imeiva, Jonah alimkwepa Profesa miaka miwili mizima. Ilibidi Profesa mwenyewe amfuate Malili.

"Mwalimu, wewe leta tu, hata kama ni mbichi," alimwambia. "Mimi si mgeni wa kupikiwa. Tutapika pamoja."

Tangu hapo walikutana Sultan Hamud kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hoteli ileile, chai mbili. Waliandika waliyokubaliana, wote wawili wakatia sahihi. Jonah alirudi na karatasi zimejaa wino mwekundu, akicheka: "Leo nimechinjwa, lakini nimechinjwa vizuri."

Juni mwaka huu, 1991, figo zilianza kumsumbua. Ilibaki kurekebisha sura ya mwisho tu. Akarudia kosa lake la zamani: aliniapisha nisimwambie Profesa mpaka apone. Nikanyamaza. Tarehe 5 Oktoba, Jonah akiwa amelazwa, Profesa alimngoja Sultan Hamud kutwa nzima, vikombe viwili mezani. Ningesema, angekuja. Jambo hilo linanitesa.

Hospitalini Jonah aliniuliza mara tatu, "Syombua, leo ni Jumamosi?" Nilimjibu bado. Alituacha siku hiyo, Alhamisi tarehe 24 Oktoba. Tangu hapo, asubuhi, Syokau husikia kiti cha meza ya Jonah kikivutwa. Nami nimekisikia.

Ameacha Mama, mjane wake Syokau, watoto Ndolo, Mutindi na Musyoka, nami dada yake. Ameacha pia mwalimu wake, Profesa Thuo, aliyeketi pale mbele na ile sura ya mwisho mkononi. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu: "Hapa bado tutaongea."

Jonah, leo ndiyo Jumamosi. Amekuja mwenyewe. Sasa pumzika, ndugu yangu.